Barua ya Kujipinga

Kwa miaka thelathini Auberon Pask aliandika, gazetini na vitabuni, kwamba kikosi kimoja cha jeshi la Uingereza hakikuamriwa kuua mateka vitani. Makala yake ya kesho ilimwita mzee Tregear, askari wa kikosi hicho aliyeungama kwamba waliamriwa kuua, mwongo. Mchana huu, katika hifadhi ya nyaraka za taifa huko Kew, London, aliishika amri yenyewe ya kuua, na sahihi juu yake. Akampigia simu mhariri wake mbio.

“Isimamishe makala ya kesho, Hester! Tregear alisema kweli, na yule mzee anakata roho!”

“Ukurasa umeshakwenda mtamboni, bwana mkubwa. Tena wasomaji wanakupendea huo ubishi.”

“Basi nipe nafasi kwenye barua za wasomaji, nijipinge mwenyewe.”

Hester akacheka. “Barua za kukupinga wewe? Zimejaa tele! Panga foleni, labda Alhamisi.”

“Alhamisi atakuwa kaburini,” Auberon alilia, lakini simu ilikuwa imekatwa.