Nafasi ya Tatu Kinuni

Ninyi mulio na mashini ya kukoboa, mumekwisha kuona watu watatu wakitwanga katika kinu kimoja? Mama mukubwa Véronique alianzisha kwa muchi muzito, sauti ikashuka hadi ardhini. Nikafuata mimi, polepole. Binti yake Faida akamaliza. Moja, mbili, tatu, halafu ile moja nzito tena. Ukichelewa kidogo tu, michi inagongana na vidole vinaumia.

Ilikuwa Kabambare, wakati wa Wabeleji, mupunga ukilimwa kwa lazima. Siku moja munganga muzungu alitupanga mustari, akatupapasa shingo. Faida alikutwa na vivimbe: ugonjwa wa usingizi. Wakamupeleka lazareti, kambi ya kutenga wagonjwa, upande wa Kasongo. Mama mukubwa alisimama na mikono kichwani.

Kesho yake tukatwanga wawili. Moja, mbili, kisha kimya, urefu sawasawa na pigo la Faida, ndipo moja. Mama mukubwa alinikataza kukiziba kile kimya.

"Atarudi. Akute nafasi yake."

Ikapita miezi mine. Kapita Asani, mukusanyaji wa magunia, akatucheka palepale uani: "Ee, munatwanga kama mutu wa muguu mumoja! Tatu iko wapi?"

"Iko," mama mukubwa akamujibu. "Weye tu hauisikii."

"Ninachosikia ni gunia halijajaa!"

Jirani yetu Odile, aliyemuheshimu mama mukubwa kama dada yake mukubwa, akaokota muchi wa Faida. "Yaya, nijaze hapo. Jua linapanda."

"Weka chini."

Halafu akafika Placide, mufagiaji wa lazareti, na kitambaa cha kichwa cha Faida, kimefuliwa, kimekunjwa. Walikuwa wamemuzika tangu wiki tatu. Tulimupa kiti, akakataa kukikalia.

Mama mukubwa hakulia. Alimimina mupunga, akaniambia, "Tupige mbili."

Mukono wangu ukangoja kwa mazoea. Muchi wake ukagonga wangu. Tukaanza upya. Moja, mbili, moja, mbili, kama miguu ya wapagazi, hakuna pa kuvutia pumzi. Makapi yakaruka mpaka kwenye nyusi zake.

"Pole, yaya," Odile akasema. "Ulifanya yote."

Mama mukubwa akausimamisha muchi.

"Sikufanya. Siku ile nilitaka kumwambia yule munganga: sema na mimi ninao ugonjwa huo, tupeleke wote wawili. Nilitaka kufa naye kule, Odile. Nikaogopa, nikanyamaza."