Ada ya Huduma

Rafiq alivua viatu mlangoni, akamwaga salamu ndefu kama hotuba, akaketi bila kukaribishwa. Umulkheir alizitazama soksi zake mpya, akaanza kumchukia kuanzia hapo nyayoni kwenda juu. Huyu binamu yake hakumaliza hata kidato cha nne, lakini ndiye aliyekuwa akiwauzia watu digirii Kampala nzima, kutoka Kasubi hadi Naguru, kwa niaba ya chuo cha mtandaoni ambacho hakuna aliyewahi kuuona mlango wake.

Miaka minne nyuma alikaa palepale, juu ya mkeka uleule, akamweleza Mwalimu Bashir, baba yake Umulkheir, kwamba binti akisomea usimamizi wa huduma za afya ataendesha hospitali nzima. Karo ni milioni kumi na nne, na chuo chenyewe kinakopesha. Mzee alikuwa amewafundisha watoto wa Kasubi Kurani kwa miaka thelathini, na kwa kuogopa riba hata akaunti ya benki hakuwa nayo. Aliuliza swali moja tu.

"Kuna riba?"

"Astaghfirullah, Ami! Riba ya wapi? Kuna ada ya huduma tu, kila muhula."

Mzee akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akatoa karatasi za nyumba ziwe dhamana. Mtu anayeweza kukueleza hukumu ya riba mpaka ukasinzia, kumbe alichotaka ni kuambiwa tu kwamba ina jina jingine! Umulkheir alikuwepo, na alielewa vizuri sana. Alinyamaza kwa sababu aliitamani ile digirii.

Na akaipata. Aliisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, usiku kwa usiku, akahitimu kwa kutumiwa cheti ambacho ilibidi akichapishe mwenyewe dukani. Kazi ikabaki ileile ya mapokezi katika zahanati moja ya Bukoto: kuandika majina ya wagonjwa na kuwafuata hadi getini wanaojifanya wamesahau kulipa. Daktari mwenye zahanati alimpongeza kwa maneno mengi, akamwekea mezani kibao kilichoandikwa "Msimamizi", akamwongezea elfu thelathini juu ya laki tano zake. Gharama ya kibao alimkata kwenye mshahara. Deni nalo, kwa ile ada isiyo riba, lilikuwa limefika milioni ishirini na mbili, na chuo kilishaandika barua: ilipwe kufikia mwisho wa mwezi, la sivyo nyumba inauzwa, pamoja na chumba cha mbele wanamosomea watoto.

"Nimekuja na habari njema," alisema Rafiq. "Chuo kinataka video ya mhitimu. Unasema mshahara wako umepanda mara tatu. Dakika moja tu, dada yangu, na deni linafutwa. Ukitulia mwaka mmoja bila kuropoka, karatasi za nyumba zinarudi kwa Ami."

"Na nikisema mshahara wenyewe?"

Rafiq alicheka mpaka akajifuta macho. "Sasa nani atanunua digirii ya elfu thelathini?" Kisha akamgeukia mzee kwa adabu zote. "Na wewe Ami uketi kando yake. Watu wanakuamini."

Umulkheir alingoja baba yake amtimue huyu mshenzi na soksi zake. Ni mzee huyuhuyu aliyemchapa akiwa na miaka saba kwa kusema uongo juu ya kipande cha chaki. Mwalimu Bashir aliutazama mkeka. Halafu akainuka, akaingia chumbani, akarudi amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya Ijumaa.

"Mimi sitasema neno," alisema bila kumtazama binti yake. "Nitakaa tu."

Kukaa tu! Umulkheir alihisi uchungu na dharau vikimpanda pamoja, na kwa mara ya kwanza maishani dharau hiyo ilimlenga baba yake. Ndiyo iliyomsaidia kusema. Aliitazama simu ya Rafiq, akatabasamu, akadanganya kwa dakika moja na nusu. Mzee alikaa kando yake, mikono magotini, akionekana mwema kabisa.

Wiki mbili baadaye Bibiane aliegemeza ufagio kwenye meza ya mapokezi. Alikuwa mfanyakazi wa usafi wa zahanati, mama wa watoto watatu kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, ambaye baada ya kazi alishona nguo za watu kwa cherehani yake mwenyewe.

"Dada, nilikuona mu simu!" alisema, akitoa fomu iliyokunjwa mara nne. "Na miye nitasoma. Mutu wa kununua mashini yangu ya kushona anakuja kesho. Ile franga ndiyo nitaanza nayo."

Umulkheir aligeuka kuhakikisha hakuna mtu anayesikia. "Bibiane, usiuze cherehani. Mshahara wangu haukupanda mara tatu."

Bibiane alimkazia macho, na uso wake ukabadilika polepole. "Aa. Weye umeshapata, sasa unataka kunifungia mulango."

"Haki ya Mungu, ile video ni uongo."

"Na ule papa yako? Mwalimu wa dini, muzee vile, na yeye anaweza kudanganya watu?"

Hapo jibu lilikuwa moja tu, na fupi. Umulkheir alifungua kinywa alitoe. Akaiona nyumba, akaziona karatasi zake mikononi mwa Rafiq, akahesabu: miezi kumi na moja na nusu bado.

"Baba hakusema neno," alijibu.

"Eh! Si unaona?" Bibiane alicheka kwa kufarijika, akaikunjua fomu mezani, mbele ya kile kibao. "Basi tia sinyature hapa, pa mushahidi. Rafiq amesema wewe."

Umulkheir aliichukua kalamu, akaandika jina lake lote, bila kusema neno.