Mafuta Yaliyomfuata Fundi Cherehani

Jumanne asubuhi fundi cherehani alikuwa akipinda suruali ya mteja alipohisi mguu unateleza kwenye pedali. Akainama kutazama. Mafuta meusi, yasiyosafishwa, yalikuwa yakipanda kwenye ufa wa sakafu. Akaokota vitambaa, akatega beseni, akamalizia pindo.

Kaka yake alikuwa mpimaji wa visima vya mafuta. Miaka ishirini na miwili alipima, na miaka ya karibuni taarifa zake zilisema jambo lilelile: hapa na kote duniani kilele cha uchimbaji kimeshapita, sasa ni kuteremka tu. Mwaka huo visima kumi na vinne vilikuwa vimekauka. Alipofika kwa dada yake na kukuta mabeseni matatu yamejaa, hakushangaa. Roho ilimuuma.

"Yameanza lini?"

"Juzi. Kaa basi, kaka, unywe chai."

"Kwa nini kwako?"

"Nitajuaje mimi? Wewe ndiye uliyesoma."

Chai ikampalia. Utotoni walifanya pamoja mtihani wa kuingia sekondari. Dada alifaulu, kaka akaanguka. Baba akaenda kuongea na mwalimu mkuu, matokeo yakabadilishana majina, na dada akaletewa cherehani. Hawakuwahi kulizungumzia.

Dada akahamia chumba cha pili. Mafuta nayo yakahama. Alipokwenda hospitali kumwona shangazi yao, yalitapakaa chini ya benchi alilokalia, na mfagiaji akamwomba kwa adabu akasubiri nje.

Mwishowe kampuni ya kaka ikamwekea dada kiti na mwavuli katikati ya visima vilivyokauka. Akaja na cherehani yake, akapewa ovaroli za wafanyakazi azishone. Mapipa yakaanza kujaa. Langoni pakabandikwa jina la mgunduzi. Lilikuwa la kaka, na cheo kipya mbele yake.

Hata hivyo kijicho hakikumwacha. Kila dada alipokwenda kula, kaka alikikalia kile kiti. Ardhi ilikauka papo hapo.

Siku moja dada akarudi mapema, akamkuta ameinama, jasho linamtiririka.

"Hata tone moja," alikuwa akiiambia ardhi. "Tone moja tu, la kwangu."

"Inuka, kaka," dada akasema. "Nina ovaroli tisa za kumaliza."

Akainuka. Dada akaketi, akatunga uzi. Mafuta yakampanda mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kaka akachutama kando yake, akapima kina, akakiandika, na chini yake akatia sahihi.