Kipaza Sauti na Stendi

Ukimwambia mtu unatafuta maikrofoni, yeye husikia unatafuta ushauri. Wiki nzima sikukutana na binadamu asiye mtaalamu. Fundi wa kuchomelea wa ng'ambo ya barabara, ambaye grenda lake la kukatia vyuma hulia tangu asubuhi mpaka meno yanauma, aliniambia maikrofoni nzuri ni ile nzito. Mama muuza mkaa alisema nitafute yenye taa. Mume wangu ni fundi cherehani, na maikrofoni anayoijua ni ile ya kutangazia kwenye sherehe, kwa hiyo aliona nahangaika bure.

"Si uongee tu kwa nguvu?" akaniuliza.

"Naongea na watu walio mbali, kupitia kompyuta."

"Ndiyo maana nikasema kwa nguvu."

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kumsikiliza mtu mpaka mwisho, kisha kuyasema maneno yake kwa lugha ya mwenzake. Kwa miaka mingi niliifanya kwenye ukumbi wa mikutano, ndani ya kibanda cha kioo, maikrofoni ya ukumbi, stendi ya ukumbi, mimi napeleka mdomo tu. Ukumbi ulipofungwa nikarudi nyumbani, na mume wangu, kwa nia njema kabisa, akanipa kikapu cha vifungo nimsaidie. Nashona vifungo vibaya. Vingine hudondoka kabla shati halijafika kwa mwenyewe. Sikuzaliwa kwa ajili ya vifungo, na kila nilipokitazama kile kikapu nilitamani kulia.

Ndipo ikatokea nafasi ya ukalimani wa hospitali. Mgonjwa yuko kwa daktari, lugha haziingiliani, mkalimani anaunganishwa kwa kompyuta akiwa kwake. Nikaitwa kwenye majaribio. Kwenye laini tulikuwa watatu: mimi, msimamizi aliyeigiza mgonjwa, na daktari mmoja asiyejua neno la Kiswahili. Nilitumia maikrofoni iliyojengewa ndani ya kompyuta, kidude kisichozidi tundu la sindano. Mume wangu alikuwa barazani anashona, meza inatetemeka, grenda linalia. Mgonjwa akasema dawa anakunywa asubuhi na jioni. Nikatafsiri sawasawa. Kilichomfikia daktari ni "jioni" peke yake.

Msimamizi akanipigia simu baadaye.

"Dada, lugha yako sina neno nayo. Lakini unasikika kama umo ndani ya pipa, na pipa linaburutwa. Hapa tunaongelea dawa za watu. Tafuta maikrofoni ya kueleweka na stendi yake, Ijumaa tujaribu tena. Ikishindikana, nina mwingine anasubiri."

Kwa hiyo hapo sikuwa na mchezo. Nilisoma, nikauliza wanaojua, nikaenda mwenyewe kwenye duka la yule tunayemwita Orijino, kwa sababu kila anachouza, hata waya uliounguzwa na jua, anaapa kuwa ni orijino. Akanitolea maikrofoni kubwa inayong'aa, ina taa ya zambarau pembeni.

"Hii inasikia mpaka sisimizi," akasema.

"Sitaki inayosikia sisimizi. Nataka inayonisikia mimi."

Akanitazama kama nimemtukana. Nikamweleza taratibu: nyumba yetu ina kelele, kwa hiyo maikrofoni inayonasa kila kitu itanasa cherehani, grenda na ugomvi wa majirani. Ninayoitaka ni ile isiyosikia mbali, ya kuisogezea mdomo, na ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta bila mitambo mingine katikati. Alikuwa nayo. Nyeusi, haina taa, haina mbwembwe, na bei yake ni ya mtu kama mimi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nilikuwa tayari kuinama. Nikachagua na stendi yenye mkono wa chuma, ya kubana ukingoni mwa meza. Nikamwambia aniwekee vyote viwili, hela inaingia keshokutwa.

Hela ilipoingia, shemeji akajitolea kwenda. Shemeji ni mdogo wake mume wangu, jina lake la nyumbani ni Mjuaji, na ana moyo safi ambao haujawahi kumsaidia mtu. Alikuwa anapita mjini. Nikamkabidhi fedha, nikaanza kumweleza, akaniinulia mkono.

"Shemeji, niandikie ujumbe. Mimi ukiniandikia sikosei."

Nikamwandikia. Sasa, mkalimani ana maringo yake. Siwezi kuandika "maiki" kama mpiga disko. Kamusi inasema kipaza sauti, mimi naandika kipaza sauti. Stendi nilikosa neno zuri zaidi, nikaiacha hivyo hivyo. Ujumbe ulisema: "Shemeji, nichukulie kipaza sauti na stendi, viko kwa Orijino."

Asubuhi ikapita, mchana ukapita. Kumpigia, simu inaita tu. Alirudi jua linazama, vumbi mpaka kwenye kope, amebeba kitu chenye mdomo mpana kuliko sufuria, kimefungwa gazeti.

"Shemeji, nimeteseka, lakini nimekipata!"

Akachana gazeti. Lilikuwa lile pembe la plastiki, jekundu na jeupe, lenye kamba ya kuvaa begani, ambalo wapiga debe huitia abiria.

"Ni nini hicho?" Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

"Kipaza sauti." Akabonyeza kitufe. "HALO! HALO! MOJA, MBILI!"

Ng'ambo ya barabara, fundi wa kuchomelea akaitikia, "Halo!"

"Na stendi je?"

"Stendi?" akashangaa. "Si ndiko nilikotoka!"

Nilikaa chini. Mjuaji hasomi ujumbe mpaka mwisho, kama vile hasikilizi mtu mpaka mwisho. Alisoma kipaza sauti, akasoma stendi, akajua kuna mzigo unakuja kwa basi. Kutwa nzima alikuwa stendi ya mabasi anamsumbua kila kondakta: mzigo wa shemeji yangu uko wapi? Kila basi akapanda, akachungulia chini ya viti. Mwishowe mpiga debe mmoja akamwonea huruma, kama huruma ndiyo ile, akamuuzia cha kwake. Fedha yote ya maikrofoni, na ya stendi juu yake.

"Tena kina betri mpya," shemeji akasema.

Mume wangu alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakuweza kucheka, lakini mabega yalimtikisika mpaka nikamwombea mabaya. Damu ilinichemka. Nilisema yote. Nilisema katika nyumba hii nimeolewa na viziwi. Nilisema kutwa nasikiliza habari za vitambaa, habari za mpira, habari za mtu aliyemwambia mtu, na mimi nikifungua mdomo sentensi moja haifiki mwisho. Nilisema mtu angesoma neno moja zaidi, moja tu, "Orijino", asingekufa.

Shemeji akatoa simu, akaufungua ujumbe wangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akausoma mpaka mwisho.

Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda mwenyewe. Yule mpiga debe hakuonekana, na hata angeonekana, nani aliwahi kurudishiwa fedha stendi? Nikabomoa kibubu changu. Kilichokuwamo kilitosha maikrofoni, stendi niliyoichagua hapana.

"Chukua hii ndogo ya kusimama mezani," Orijino akasema. "Orijino."

Nikaichukua kwa kukosa la kufanya, nikaenda kujaribu nyumbani. Ilikuwa na miguu mitatu mifupi kama kifaranga, maikrofoni ikiwa juu inainama mbele na kuanguka kifudifudi. Nilipoishikilia kwa kitabu ikasimama, lakini kila nilipogusa meza, puu! kwenye hedifoni. Cherehani ikianza barazani, sakafu inapeleka mtetemo mezani, meza inapeleka kwenye miguu, na sauti yangu inarudi kwenye pipa lake. Nikairudisha dukani jioni ile ile, tukatoleana maneno mpaka akanirudishia changu. Nikarudi na mikono mitupu, nikashika tama.

Mume wangu akasimama mlangoni akinitazama. Hakusema niongee kwa nguvu. Aliuliza, "Stendi kazi yake hasa ni nini?"

Nikamtazama kuona kama ananitania. Hakuwa ananitania. Nikamweleza, naye akasikiliza, na nilipofika katikati nikanyamaza kwa mazoea, nikingoja anikate. Akasema, "Endelea." Nikaendelea: ishike maikrofoni usawa wa mdomo, isiguse meza, na mtetemo wa sakafu usiifikie.

Akatoka. Akarudi amekumbatia lile sanamu lake la kuvalishia nguo, mwanamke asiye na kichwa aliyesimama juu ya mguu mmoja wa chuma, amevaa gauni la mteja lililoshonwa nusu. Akaweka godoro dogo chini ya ule mguu. Akachukua lastiki ya viuno vya sketi, akaivuta toka bega hadi bega, akaipitisha kwa kupishanisha, na katikati akaining'iniza maikrofoni pale ambapo kidevu kingekuwa. Nikachomeka. Akaenda barazani akakanyaga cherehani kama anafukuzwa. Kwenye hedifoni, kimya. Nikaongea, na sauti iliyonirudia ilikuwa ile ya kwenye kibanda cha kioo.

"Gauni usilivue," akaniambia. "Kesho mteja anakuja kulijaribu."

Ijumaa nikakaa uso kwa uso na yule mwanamke asiye na kichwa, dirisha nimelifunga na blanketi juu yake. Mume wangu alifunika cherehani. Msimamizi akaingia kwenye laini, daktari akaingia. Msimamizi akanikumbusha sheria: kila kinachosemwa kikasikika kinatafsiriwa, hakuna cha kuficha wala kupunguza, na mkalimani husema "mimi" kama aliyesema.

Tulianza vizuri. Mgonjwa alikuwa na maumivu ya kifua, dawa asubuhi na jioni, na safari hii asubuhi ilifika. Ndipo fundi wa kuchomelea akawasha grenda. Lilisikika kwa mbali, wala lisingetusumbua, maikrofoni ile ilikuwa inajua kazi yake. Lakini kulikuwa na mtu nje aliyeamua kunisaidia.

"WEWE FUNDI! ZIMA HIYO MASHINE!"

Hakuna blanketi wala lastiki ya kuzuia kile kitu. Kilikuwa chini ya dirisha langu kabisa. Nikafumba macho. Niliona vifungo, vikapu na vikapu vya vifungo.

"ZIMA, NIMESEMA! SHEMEJI YANGU ANA MTIHANI HUMU! FEDHA YAKE NIMEIPOTEZA MIMI, KWA KUTOKUSOMA! HUYU NDIYE ANAYETUSIKILIZA SISI WOTE, NA HAKUNA ANAYEMSIKILIZA! LEO MWACHENI AONGEE MPAKA MWISHO!"

Grenda likazimwa. Mtaa mzima ukanyamaza. Hata mbwa.

Daktari akauliza, kwa lugha yake, huyo mtu amesema nini.

Msimamizi hakunisaidia. Sheria ni sheria. Nikasogeza mdomo kwenye kile kidevu kisichokuwepo, nikatafsiri. "Wewe fundi, zima hiyo mashine. Shemeji yangu ana mtihani humu." Hapo sauti ilikuwa sawa. "Fedha yake nimeipoteza mimi, kwa kutokusoma." Bado sawa. "Huyu ndiye anayetusikiliza sisi wote." Na hapo nikakwama. Nimewatafsiria wafiwa na sikuwahi kukwama, lakini maneno yale yalikuwa juu yangu, na ilikuwa lazima niyaseme kwa kinywa changu mwenyewe. Nikaisogelea maikrofoni zaidi. "Na hakuna anayemsikiliza. Leo mwacheni aongee mpaka mwisho."

Kwenye hedifoni nikasikia daktari akiweka kalamu chini.

"Nimesikia kila neno," daktari akasema. "Mwambie hivi: nimekusikia. Asante. Sasa nyamaza tumalize."

Nikavua hedifoni, nikatoa blanketi, nikafungua dirisha. Mjuaji alikuwa amesimama juani, pembe jekundu begani, jasho linamchuruzika, amejiandaa kutukanwa.

"Nimekusikia," nikamwambia. "Asante. Sasa nyamaza tumalize."

Akalishusha lile pembe. "Haya, shemeji," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Tukamaliza. Msimamizi akasema Jumatatu asubuhi naanza, sauti ni safi, ila yule kaka wa nje asiwepo kazini. Nikamwambia hilo siwezi kumuahidi.

Nilipotoka barazani, mume wangu alikuwa ameketi nyuma ya cherehani iliyofunikwa, kikapu kipo miguuni, anashona vifungo kwa mkono ili asipige kelele. Akainua macho, pini mdomoni, akaniuliza kwa nyusi.

"Hivyo vifungo," nikamwambia, "tafuta mtu."