Mafuta ya Pipa la Pili

Harufu ilikuwa ya cherehani. Aliyeisikia Jumamosi ni Kimya, shangazi yake alipofungua dumu jipya la mafuta: harufu nyembamba ya chuma, iliyokaa puani kidogo kisha ikapotea. Marehemu mama yake alikuwa fundi wa kushona, na Kimya alipoachishwa shule darasa la tano, kazi yake ya kwanza ilikuwa kudondosha mafuta kwenye matundu ya mashine. Harufu ile hakuhitaji kuambiwa.

Mafuta ambayo shangazi huchanganyia losheni yake ya kuuza hayanuki kitu. Ni meupe kama maji, mazito kidogo, na muuzaji huyapima kutoka kwenye pipa. Mwezi huu bei ilipanda maradufu. Muuzaji akasema anayo mengine nafuu. "Ni yaleyale, mama. Pipa tu ndilo tofauti."

"Shangazi, haya yananuka," Kimya alisema siku ile, kwa sauti ya chini.

"Marashi yatafunika." Shangazi akajipaka mkononi, akasugua, akasubiri. Ndivyo alivyopima kila sufuria kwa miaka sita. Lakini mikono ile ilikuwa imefua nguo za watu tangu usichana wake. Iliweza kuepua sufuria ya moto bila kitambaa. "Umeona? Hamna kitu. Wewe nawe na pua yako!"

Kimya akacheka kidogo, akaendelea kukwangua nta.

Leo, Jumanne, walipika nusu iliyobaki ya dumu; losheni ya nusu ya kwanza ilikwisha kuuzwa kwa majirani. Sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji ya moto, nta ikiyeyuka, mafuta yakimiminwa taratibu, Kimya akikoroga kwa upande mmoja tu, maana ukigeuza mwiko losheni inakatika. Kufika saa nne makopo thelathini yalikuwa yamepangwa kitandani yakipoa, kila moja na karatasi yake: ASILIA. YANAFAA KWA WATOTO.

Bwana afya aliingia bila hodi.

"Kibali kiko wapi, mama?"

"Nilileta maombi mwaka jana, baba. Mkasema nisubiri."

"Sasa unasubiri huku unapika?"

"Na tumbo nalo nilisubirishe?"

Bwana afya akacheka. Alishika kopo, akasoma karatasi, akalalamika kwamba maandishi ni madogo mno. Kimya alikuwa amesimama kando ya dumu. Alitamani yule mtu ainame, afungue kifuniko, anuse. Mara moja tu. Bwana afya akatia makopo manne kwenye mkoba wake.

"Haya ni ya uchunguzi." Alipofika mlangoni akageuka. "Ya waridi hamna? Mke wangu anapenda waridi."

Shangazi akamwongezea moja la waridi.

Mchana aligonga jirani wa chumba cha pili, amempakata mwanawe wa miezi mitatu. "Kimya, mdogo wangu, nisindikize zahanati. Huyu hajalala, na mimi sijalala."

Akafunua shuka. Mikunjo ya shingo na mapaja ilikuwa imejaa vipele vyekundu, vingine vimetunga usaha. Mwili mzima wa mtoto ulikuwa unang'aa na kunukia marashi.

"Nampaka asubuhi na jioni," jirani alisema. "Jana nikazidisha, labda yatamtuliza."

Kimya alimtazama shangazi yake. Shangazi alitazama makopo kitandani. Yale ndiyo yaliyokuwa kodi ya chumba.

"Joto hilo," alisema shangazi. "Nenda naye, mwanangu."

Njia nzima Kimya alibeba mfuko wa nepi.

Zahanati walikaa foleni mpaka saa tisa. Muuguzi alisema glavu zimekwisha, kwa hiyo alimtazama mtoto akiwa ameketi kitini kwake, ng'ambo ya meza.

"Huyu mnamwogesha na nini? Maji ya mtaro?"

"Namwogesha kila siku, sista."

"Kila siku! Na huu kama si uchafu ni nini? Kuzaa mnajua, usafi hamjui."

Kwenye benchi mtu alicheka. Jirani aliinamisha kichwa. Yeye, ambaye nepi zake zilikuwa nyeupe kuliko za watu wote kwenye kamba ya uani, akasema, "Nisamehe, sista. Nitajitahidi."

Muuguzi akaandika kwenye daftari: *uchafu*. Dawa hakuna, akanunue nje. "Na mafuta usiache kumpaka, ngozi isije ikakauka. Mwingine!"

Jirani akaanza kumfunga mtoto. Kimya alikuwa bado amemshika miguu, viganja vyake vikiteleza.

"Asimpake," alisema.

Hakuna aliyesikia. Mwingine alikwishaketi, na muuguzi alikuwa anafungua ukurasa mpya.

"Si mchafu," Kimya alisema tena, na safari hii benchi zima likageuka. "Ni mafuta yetu. Ni ya mashine. Nilijua tangu Jumamosi, na nikayakoroga."