Kumbeba Byabato

Eugenia alifika kulipopambazuka, akapiga magoti mlangoni pa katekista Protase, akasema kwamba baba yake, Byabato, anakufa kwa ugonjwa wa ngiri. Tangu jana alikuwa hawezi kusimama, na hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa saa sita kwa miguu.

"Nani amekutuma kwangu?"

"Hakuna, Mwalimu. Nimeanza kwa wengine wote. Wamekataa."

Hapo Kaisho mgonjwa hubebwa kwa engozi, machela ya kusukwa iliyofungwa kwenye miti miwili. Wanaume wanne huibeba mabegani, na wanne wengine hufuata nyuma wakingoja zamu. Kila nyumba hutoa mtu. Nyumba ya Byabato haikuwahi kutoa hata mmoja. Tena, miaka mitatu nyuma, mwaka wa 1946, Placida, mke wa Protase, alipokuwa akibebwa huku akivuja damu, Byabato alisimama na panga katika kijia kilichokatiza shamba lake. "Migomba yangu si barabara," alisema. Wabebaji wakazunguka kinamasi, na Placida akakata roho kabla hawajafika ng'ambo.

Protase, mwenye miaka hamsini na sita na magoti yasiyomtii tena, alichukua fimbo yake akaenda kubisha nyumba kwa nyumba.

"Mimi nimebatizwa, Mwalimu," Rwegoshora alimwambia, "lakini bega langu bado."

"Basi lilete hivyo hivyo."

Walipatikana watatu tu: Rwegoshora, Kaijage na Ndyamukama. Protase akawa wa nne. Wa kuwapokea hakuwapo.

Byabato alikuwa mzito, na maumivu hayakumfunga kinywa. "Mnanitikisa kama mkungu wa ndizi!"

"Mkungu ungekuwa umenyamaza," Rwegoshora alijibu.

Walipofika kilele cha kilima cha tatu, karibu na Isingiro, waliishusha engozi. Ngozi ya bega la Protase ilikuwa imechubuka, shati likigandamana na damu. Kaijage alimvuta kando.

"Mwalimu, tumuache kwa watu wa hapa. Wakitaka wabebe, wasipotaka basi. Nani atakulaumu wewe, kati ya watu wote?"

Hakuna ambaye angemlaumu. Protase alilijua hilo, na kwa muda alilitazama kama mtu anayetazama kivuli cha kupumzikia. Alitafuta moyoni mwake upendo kwa yule mtu aliyelala pale, hakuuona. Alichoona ni amri tu. Kwa miaka ishirini alikuwa amewafundisha watoto kumpenda adui, akiwachapa fimbo waliolisahau somo.

"Inua," alisema.

"Mwalimu!"

"Inua, Kaijage. Jua linapanda."

Waliinua. Toka hapo hakuna aliyezungumza, isipokuwa Byabato, aliyelalamikia jua, kisha kiu, kisha jinsi Rwegoshora alivyokanyaga. Baadaye naye akanyamaza, na ukimya ule ukawatisha kuliko matusi yake. Wakaongeza mwendo. Mara mbili Protase alianguka goti moja, na mara zote mbili aliushikilia mti usiguse ardhi.

Mganga wa hospitali alimpasua mchana ule ule walipofika. Wangechelewa kidogo tu, alisema, wangekuwa wamebeba maiti.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kurudi, Protase aliingia wodini. Usiku kucha alikuwa amelipanga neno lake: atalitaja jina la Placida, mara moja, bila hasira, ili yule mtu alisikie.

Byabato alimtazama, midomo imekauka.

"Mganga anasema wiki mbili," alisema. "Siwezi kurudi kwa miguu. Mtakuja?"

Bega la Protase lilimwaka moto. Jina lilikuwa tayari ulimini.

"Jumamosi ya pili," alijibu.

"Yule Rwegoshora usimlete. Anatikisa."

"Atakuja," Protase alisema. "Sina mwingine."

Akatoka nje, walikokuwa wenzake watatu, kuwaambia.