Uso wa Waithera

…na hata angepanda mwenyewe hizo orofa sita kumwita, side mirror zingehama kabla hajafika ya pili, mtaa wa Kware ni Kware, wezi hawalali, basi Lorraine akabaki nyuma ya usukani, kioo nusu wazi, nguo za wapangaji zikidondosha maji kwenye boneti, to, to, na kwenye simu iliyobanwa pale dashibodi duara tupu linamkodolea, thibitisha ni wewe, weka uso ndani ya duara, una dakika kumi, sasa zimebaki nane, eti thibitisha ni wewe, wewe nani… "Cuzo!" akapiga kelele, "Cuzo, shuka, app inataka uso!" na kutoka juu kabisa, katikati ya mashuka na sare za shule, sauti ya Waithera, "Nakam! Nimeshika kichwa cha mtu!" maana Waithera husuka nywele chumbani mwake, na uso wake ndio uliosajiliwa, alijiandikisha kwenye app ya teksi, akaendesha gari la kukodi wiki tatu, mgongo ukamshinda, akamwachia binamu yake Lorraine kila kitu, jina, picha, nyota nne nukta tisa, chukua, we si umesoma… umesoma, ndiyo, takwimu chuo kikuu, second upper, picha ya joho iko ukutani kwa mama kule Dandora, imefunikwa plastiki isipate vumbi, na msidhani hakuwa na akaunti yake, alikuwa nayo, Lorraine Ndindi, herufi kubwa, miezi minne, mpaka siku alipombeba yule mzee wa suti aliyemweleza, taratibu kabisa, kama anampa zawadi, kwamba wasichana wa digrii wanaishia kuendesha teksi kwa sababu ni wavivu wa kutafuta kazi, naye akaegesha kando ya barabara akamwambia, kazi niliitafuta mzee, nikakuta wewe bado umeikalia, shuka, tembea kidogo ujue uvivu unafananaje, na jioni hiyo hiyo akaunti ikafungwa, hakuna mlango wa kugonga, hakuna mtu wa kutukana, barua pepe tu inayojijibu yenyewe, asante kwa kuwa nasi, pumbavu… dakika saba.

Tangu siku hiyo, miezi minane, yeye ni Waithera, na Waithera ana adabu, Waithera anauliza kama redio inakusumbua, Waithera hasemi kitu mteja anapoweka alama ya anakoshukia kwenye kituo cha mafuta barabarani kisha akishaingia anasema mbele kidogo, mbele kidogo, mpaka Dandora ndani kabisa, kwa sababu anajua sisi madereva tukiona Dandora tuna-cancel, na kweli tuna-cancel, hata yeye, mtoto wa Dandora, ana-cancel, ni ujinga gani huu… "Cuzo!" … "Nimesema nakam!" … na jana, usifikirie jana, pale Kariobangi, foleni imekwama mbele ya wagonga mabati, nyuma amekaa mama wa miwani aliyekuwa akimwita Waithera my dear tangu apande garini, simu ikaita, namba ya ofisi, na simu ikiwa dashibodi inajibiwa kwa spika, gari zima likasikia, habari ya asubuhi, naongea na Lorraine Ndindi? na miwani ikainuka kwenye kioo cha ndani, ikamtazama, na mama kama huyo haripoti kwa ubaya, anaripoti kwa wema, dereva ana majina mawili, naogopa, na mdomo wa Lorraine, ule ule ulioshindwa kumnyamazia mzee wa suti, ukasema laini kama losheni, hapana, mimi ni Waithera. Oh, pole, tulimtaka kwa interview, kama unamfahamu mwambie atupigie kabla ya saa nne kesho, tunafunga orodha. Sawa, akasema, nitamwambia. Nitamwambia! Miaka mitatu anatuma CV kama mtu anayetupa mawe kisimani asikilize maji, hatimaye maji yanaitika, yanamwita kwa jina, naye anasema hayupo.

Na kesho ndiyo leo, saa nne kasoro dakika sita, na atawaambia nini, hamjambo, mimi ndiye niliyesema si mimi, wanataka mtu wa data, mtu ambaye jina lake mwenyewe limemshinda atajua hesabu gani, na sauti wataitambua, na akitoka kwenye hili duara apige, app itasema amekataa, tena mara ya pili mwezi huu, watafunga, na itakayofungwa ni ya Waithera, chakula cha Waithera, chumba wanachogawana kwa pazia… Jumapili mama alimwita mara mbili, Lorraine, Lorraine, wewe masikio yako yako wapi, naye alikuwa amesimama pale pale akiosha vikombe… na yule wa miwani akamwachia nyota tano na maneno, Lorraine ameyasoma usiku, akayasoma tena asubuhi, dereva mtulivu sana. Mtulivu! Hata mwalimu wa nasari hakuthubutu kumwita mtulivu, alimwandikia mama, mtoto anajibu, na mama akacheka, akasema mwache ajibu, na sasa, kwa neno moja la wema, hasira inampanda kutoka miguuni, yake mwenyewe, ya zamani, anaitambua kama mtu anavyotambua koti lake kwenye rundo la mitumba.

Viatu kwenye ngazi, Waithera huyo, mikono inang'aa mafuta ya nywele, kitana kimekwama kichwani, anainama dirishani, tayari amepanga tabasamu. "Leta huo uso tumalize, customer wangu yuko nusu kichwa." Lorraine akaibandua simu dashibodini, dakika mbili, namba ya jana, ya ile ofisi, ikawa chini ya kidole. "We, leta, inaisha!" "Ngoja kwanza, Waithera," akasema, na jina likatoka geni, la mtu mwingine kabisa, miezi minane yote alimwita cuzo, cuzo tu, kama mtu asiyethubutu kutaja kitu alichoazima akiwa mbele ya mwenyewe, na Waithera akanyooka, akamtazama, tabasamu bado limepangwa, maji yakadondoka kwenye boneti, to, to, duara bado tupu, na midomo ya Lorraine ikawa inajaribu bila sauti, ndiyo, ni mimi, Lorraine, ni mimi ninayeongea…